Ukuta wa nyuma ya kaunta ya jiko: uweke nini, na upandishe hadi wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaokarabati majiko Mwanza, kuanzia Buhongwa hadi Buswelu, na kwa wengine walioko ng'ambo ya maji, Sengerema na Ukerewe. Kama ndio kwanza unaanza, soma kutoka juu. Kama ukuta wako una tatizo lake maalumu, nenda sehemu ya mwisho.

## Kabla ya kununua chochote

Kwani lazima niweke kitu ukutani? Rangi haitoshi?

Penye friji au meza ya kulia, rangi inatosha. Nyuma ya jiko na nyuma ya sinki haitoshi, na hasa kwenye nyumba zetu ambazo samaki hupikwa karibu kila siku. Angalia ukuta wowote uliopakwa rangi ya maji, jiko likiwa limetumika miezi kadhaa. Juu ya moto kuna duara la manjano linalonata ukiligusa, na vumbi limeshika humo. Pembeni ya sinki, pale anapoparuliwa sato, magamba yamerukia ukutani yakakauka. Ukiyabandua kwa kucha yanatoka na rangi.

Rangi ya mafuta inastahimili kufutwa zaidi, ila kwenye joto hugeuka manjano, na mvuke ukipenya nyuma yake huvimba na kubanduka. Kama hela haijatosha, itumie kwa muda. Ujue tu kwamba siku ya kuweka tailizi itabidi igongwe (tazama swali la ukuta wenye rangi ya mafuta).

Nimehama kutoka mkaa kwenda gesi. Ukutani kunabadilika nini?

Mengi. Jiko la mkaa lilikaa uani au barazani, mafuta yakirukia mchanga. Jiko la gesi linakaa juu ya kaunta, limeegemea ukuta, ndani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo kuta nyingi ambazo hazijawahi kurukiwa na mafuta zitaanza kurukiwa. Masizi yatapungua sana, lakini mafuta na mvuke vyote vitaishia sentimita chache kutoka kwenye lipu yako.

Nianze na kipi: kabati, kaunta au ukuta?

Mabomba na nyaya kwanza, kisha lipu, kabati za chini, kaunta, halafu tailizi. Rangi huja mwisho. Tailizi zikae juu ya kaunta, ili maji yanayoteremka ukutani yamwagikie kwenye kaunta. Ukizitanguliza kisha ukaja kuisukuma kaunta mbele yake, unabaki na mwanya unaopeleka maji moja kwa moja nyuma ya kabati. Mbao za kabati huanzia kuoza hapo.

## Urefu

Urefu wa kawaida ni upi?

Kaunta nyingi zina kimo cha sentimita 90 hivi kutoka sakafuni. Kabati za juu huanza sentimita 45 hadi 60 juu ya kaunta, na tailizi hujaza nafasi hiyo. Mimi hushauri 60. Tailizi za ukutani za sentimita 30 kwa 60 zinapatikana kwa urahisi madukani, na ukizisimamisha wima zinafika 60 bila kukata hata moja. Ukizilaza ni safu mbili kamili.

Fundi anasema safu moja ya sentimita 30 inatosha. Ni kweli?

Ni kweli kwa sehemu ya kaunta unayokatia mboga. Nyuma ya jiko si kweli, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe kwa tepu. Jiko la gesi la pleti mbili lililowekwa juu ya kaunta lina kimo chake, tuseme sentimita 12. Weka juu yake sufuria ya ugali yenye kina cha sentimita 20. Mdomo wa sufuria umeshafika sentimita 32, yaani umepita tailizi yako kabla hujawasha moto. Kila tone linaloruka linatua kwenye rangi.

Ndiyo maana majiko mengi ya safu moja yana doa linaloanzia pale pale tailizi zinapokoma. Mwenye nyumba hudhani rangi ilikuwa mbaya. Anapaka tena, doa linarudi. Rangi haina kosa, tailizi ndizo zimekoma mapema. Kile kipande cha jiwe cha sentimita 10 kinachouzwa pamoja na kaunta ya graniti kina tatizo hilohilo, tena zaidi. Kazi yake ni kuzuia maji ya kaunta yasiingie ukutani, basi.

Nipandishe hadi dari?

Nyuma ya jiko, ndiyo, kama juu yake hakuna kabati wala feni ya kufyonza moshi. Feni ikiwepo, ishia kwenye ukingo wake wa chini, au sentimita chache nyuma yake ili usiachie mstari wa rangi. Jiko zima hadi dari ni hela ambayo ningeipeleka kwenye lipu nzuri na groti nzuri, yaani ule ujazo wa mianya kati ya tailizi. Namtoa mtu mwenye jiko dogo lenye dirisha moja, ambako mvuke hauna pa kwenda. Huyo afunike kuta zote.

Sina kabati za juu. Niishie wapi ili isionekane imekatika tu?

Tafuta mstari ambao tayari upo. Mara nyingi ni kizingiti cha chini cha dirisha au ukingo wa juu wa fremu yake. Tailizi zinazokoma sentimita nne chini ya dirisha zinaonekana kama zimeisha dukani, lakini zikilingana na dirisha hakuna anayejiuliza. Kisha nyuma ya jiko pandisha nguzo moja hadi dari, pana kuliko jiko kwa sentimita 15 kila upande. Chungulia kaango la dagaa utaona kwamba mafuta hayaruki kwenda juu tu.

Sinki liko chini ya dirisha. Je?

Zungusha tailizi pembeni mwa dirisha na uzipandishe pia juu ya kizingiti chake cha ndani, zikiinama kidogo kuelekea kwenye sinki. Kizingiti cha mbao au cha lipu tupu mahali hapo hakidumu.

## Nyenzo

Tailizi za seramiki au za poseleni?

Kwa ukuta wa jiko la nyumbani, seramiki inatosha kabisa. Ni nyepesi, inakatika kwa mkasi wa tailizi bila graindi, na mgongo wake unanyonya maji kiasi kwa hiyo unashika saruji. Poseleni ni ngumu na hainyonyi karibu chochote, sifa nzuri kwa sakafu. Ukiipandisha ukutani ni lazima utumie gundi ya tailizi. Kwa saruji na mchanga peke yake itakaa, kisha siku moja itadondoka nzimanzima, bila hata alama ya saruji mgongoni.

Nyingine tunazouziwa hutoka viwanda vya Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, nyingine nje ya nchi. Zote zimesafiri barabara ndefu. Fungua kila boksi dukani, usiridhike na kulitikisa, na linganisha namba ya rangi iliyochapwa pembeni. Maboksi mawili yenye jina moja na namba tofauti yanaweza kutofautiana weupe, na utaligundua hilo siku taa itakapowashwa.

Zinazong'aa au mati?

Zinazong'aa nyuma ya jiko. Mafuta yanafutika kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni. Mati ni nzuri machoni lakini inashika.

Vipi zile ndogondogo zilizobandikwa kwenye wavu?

Zina mianya mingi sana, na kila mwanya ni groti ya kusugua. Ziweke kwenye kipande cha urembo mbali na moto.

Naweza kupandisha ukutani graniti ileile ya kaunta?

Unaweza, na kwa mtu anayechukia kusugua groti hakuna kitu kizuri zaidi. Uzito ndio wa kufikiria: graniti ya unene wa sentimita 2 ina kilo kama 54 kwa mita moja ya mraba. Lipu inayotoa mlio wa utupu ukiigonga haitaibeba.

Hakikisha pia unachouziwa ni graniti kweli. Marumaru halisi, lile jiwe lenyewe, ina chokaa ndani yake, na limau, siki hata nyanya huila mng'ao. Omba kipande kilichokatwa, kikamulie limau, kiache hadi kesho. Mng'ao ukififia, hilo ni jiwe la sebuleni. Samaki anapotayarishwa, limau haliko mbali.

Mwanza ni mji wa mawe. Kwa nini nisitumie mawe yetu?

Kwa ukuta wa sebule au nguzo za baraza, tumia kwa fahari. Nyuma ya jiko nakukataza. Jiwe lililopasuliwa kwa nyundo lina vishimo vingi, mafuta ya samaki yanaingia humo na harufu haitoki tena. Ukilipenda mno, tafuta lililokatwa kwa mashine na kusuguliwa, lipake dawa ya kuziba vinyweleo, kisha liweke upande wa sinki.

Kioo je?

Kiwe kile kilichoimarishwa kwa joto. Kioo cha kawaida cha dirishani kikipata moto upande mmoja hupasuka. Matundu ya soketi yakatwe kabla ya kuimarishwa, kwa kuwa baada ya hapo hakitobolewi wala kukatwa. Kwa hiyo pima baada ya kaunta kukaa mahali pake, na pima mara mbili.

Na bati la stenlesi?

Kwa mgahawa na mama lishe ni chaguo la kwanza. Halinyonyi, haliogopi moto, linasuguliwa. Nyumbani linakwaruzika na linaonyesha kila alama ya kidole, ila kipande kimoja nyuma ya jiko tu ni ufumbuzi mzuri wa bei nafuu.

Nimeona stika na bodi za PVC, zinabandikwa siku moja. Zinafaa?

Penye ukuta mkavu, sawa. Nyuma ya moto hapana. Kwa mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,100, maji hapa Mwanza huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, na PVC huanza kulainika kwenye 80 hivi. Yaani kabla chai haijachemka, bodi iliyo karibu na moto inaweza kuwa imeanza kujikunja, na ikishika moto hutoa moshi wenye sumu. Stika nazo huachia pembeni, mafuta yakaingia nyuma, na mende wakafuata.

Nichague groti gani?

Swali hili nalipenda kwa sababu wachache huliuliza mapema. Tailizi hazichafuki kirahisi, kinachochafuka ni mstari katikati yake. Saruji nyeupe, ambayo mafundi wengi huitumia kwa kuwa ni rahisi kupata, hunyonya bizari na mawese, na baada ya mwaka ukuta mpya unaonekana wa zamani. Omba groti ya dukani ya rangi ya majivu au ya kahawia hafifu, mwanya uwe wa milimita 2 au 3, na usikubali tailizi zigusane bila mwanya kabisa. Nyuma ya jiko, ukiweza, tumia groti ya epoksi. Ni ghali na fundi lazima awe mwepesi kwa sababu inaganda haraka, lakini hainyonyi kitu.

Usisafishe groti ya saruji kwa ile asidi ya chooni. Doa linatoka pamoja na groti yenyewe.

## Ukuta na fundi

Ukuta una rangi ya mafuta. Naweza kubandika juu yake?

Usibandike. Gundi itashika rangi, na rangi ndiyo itakayoachia ukuta. Ukuta ugongwe kwa tindo, vishimo karibu karibu hadi lipu ionekane, ufagiliwe, ulowanishwe, kisha kazi ianze.

Lipu ni mpya. Nisubiri muda gani?

Wiki mbili kwa uchache, nne ni bora. Imwagiliwe siku za mwanzo kama zege lolote. Lipu ikikauka inasinyaa, na ikisinyaa ikiwa tayari imebeba tailizi, groti inapasuka.

Tailizi za zamani zipo. Lazima zibomolewe?

Gonga kila moja kwa sarafu. Zikiwa imara zote, zikwanguliwe mng'ao, zioshwe mafuta, na mpya zibandikwe juu kwa gundi. Kaunta itapungua upana kwa sentimita moja hivi, na soketi zitabidi zisogezwe mbele (tazama swali la soketi). Zikisikika tupu nyingi, bomoa.

Nitajuaje fundi ameweka vizuri?

Simama karibu anapoanza, kwa heshima, na umwambie fundi mapema kwamba utagonga. Jambo la kuangalia ni mgongo wa tailizi. Fundi anayeweka madonge matano, moja kila kona na moja katikati, anaacha utupu nyuma. Utupu huo ndio unaovunjika ukipigilia msumari, na ndio nyumba ya mende. Saruji au gundi isambazwe mgongo mzima. Seramiki ikiwekwa kwa saruji iloweshwe kwanza kwenye ndoo, isije ikanyonya maji ya saruji kabla haijashika. Ikiwekwa kwa gundi, fuata maelekezo ya mfuko.

Aanzie nyuma ya jiko, katikati, ili vipande vilivyokatwa viishie pembeni. Mstari wa kwanza autoe kwenye pima maji, asiutoe kwenye kaunta, kwa kuwa kaunta nyingi zimeinama kidogo. Groti isubiri siku moja. Na kona, pamoja na pale ukuta unapokutana na kaunta, paachwe groti na pawekwe silikoni, kwa sababu hapo panacheza.

Ninunue tailizi ngapi?

Urefu wa kaunta mara kimo. Kaunta ya mita 3 kwa kimo cha sentimita 60 ni mita za mraba 1.8. Tailizi ya 30 kwa 60 ni 0.18, kwa hiyo ni 10. Ongeza moja au mbili za kukata na kuvunjika, kisha nguzo ya nyuma ya jiko uihesabu peke yake. Boksi la ukubwa huo mara nyingi lina vipande 8, soma pembeni. Zinazobaki usizirudishe dukani. Siku bomba litakapopasuka ndani ya ukuta utazihitaji, na rangi hiyo haitakuwepo tena.

## Umeme na gesi

Soketi zifanyweje?

Zisogezwe kabla ya lipu. Zikae sentimita 15 hivi juu ya kaunta, zisiwe juu ya jiko, na ziwe mbali na ukingo wa sinki angalau sentimita 30. Tailizi zikishapanda, uso wa boksi huwa umezama ndani. Fundi umeme atumie kipande cha kuongezea boksi na skrubu ndefu. Soketi inayoning'inia ndani ya tundu la tailizi ni hatari, hata kama kifuniko kinaificha.

Mpira wa gesi upite nyuma ya tailizi ili usionekane?

Hapana kabisa. Mpira lazima uonekane na ufikike, ili uukague na kuubadilisha ukizeeka. Feni ya kufyonza moshi ikiwepo, kimo chake juu ya jiko la gesi kifuate maelekezo yake, kwa kawaida sentimita 65 hadi 75, na huo ndio mwisho wa tailizi zako.

## Hali za pekee

Nyumba yangu iko mlimani, ukuta wa jiko umeegemea jiwe. Kila masika unalowa na tailizi zinabanduka. Nifanyeje?

Hili tunaliona sana kwenye vilima vya Isamilo, Bugando na Mabatini. Mvua ikinyesha, maji hayazami kwenye jiwe. Yanateremka juu yake hadi yanapokuta ukuta wako, kisha yanapenya taratibu. Dalili yake ni unga mweupe wa chumvi kwenye lipu na groti. Tailizi haitibu hilo, inalificha tu, na unyevu uliofungiwa nyuma unaisukuma hadi inaachia. Kubandika upya kila mwaka ni kupoteza hela.

Pima hivi: bandika ukutani kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande, ukifunge kingo zote kwa utepe, ukiache siku mbili wakati wa mvua, yaani kati ya Machi na Mei. Matone yakionekana upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakionekana upande wako tu, ni mvuke wa kupikia, na dawa yake ni dirisha au feni.

Kama yanatoka ndani, tiba ianzie nje: mfereji wa zege kati ya jiwe na ukuta, wenye mteremko wa kuyatoa maji. Kisha lipu ya zamani itolewe, ipigwe mpya yenye dawa ya kuzuia maji, na isubiriwe msimu mzima wa mvua kabla ya tailizi. Pale jiwe lilipogusana na ukuta kabisa na mfereji hauwezekani, ushauri wangu ni kuhamishia jiko na sinki kwenye ukuta mwingine, na huo wa jiwe kuuacha na lipu inayopumua. Inauma, hasa kabati zikiwa zimeshatengenezwa, lakini ukuta huo hautaacha kulowa.

Ukuta una nyufa.

Nyufa nyembamba kama uzi, zilizotulia kwenye lipu, huzibwa. Ufa unaopita kwenye tofali, unaopanda kingazi au unaoendelea kupanuka, muite fundi mjenzi kwanza. Kwa walioko Bukoba, nyumba zilizopitiwa na tetemeko la Septemba 10, 2016 zikaguliwe kwa makini zaidi.

Bado napika maharage kwa mkaa humo humo jikoni.

Masizi yatashika kila kitu, kwa hiyo chagua tailizi zinazong'aa na uzipandishe hadi dari upande huo. Ila kabla ya ukuta, fikiria pumzi yako: mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu inayoua bila harufu. Toa jiko la mkaa nje.

Nimepanga, mwenye nyumba hataki ukuta uguswe.

Kata bati la stenlesi au la alumini la upana wa jiko na kimo cha sentimita 60, likunjwe kingo, uliegemeze nyuma ya jiko. Likichafuka unalitoa nje unaliosha. Ukihama unahama nalo.

Niko Ukerewe, nanunulia Mwanza. Kuna la ziada?

Nunua zaidi kuliko hesabu ya kawaida, asilimia 15 badala ya 10, kwa sababu kurudi Kirumba kufuata tailizi mbili ni safari ya meli nzima. Maboksi yasafiri yamesimama kwa ubavu, yamefungwa pamoja, wala yasilazwe chini ya magunia. Nunua hukohuko gundi, groti, silikoni na trimu za kona. Walioko Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mzigo hauhamishwi tena kivukoni. Kwa Nansio, bandari ya Ukerewe, bado unapakiwa na kupakuliwa, kwa hiyo fungua maboksi gatini mbele ya aliyeyabeba, kabla hujayapakia kwenye bajaji.